Gari la Mzazi Mwenye Maumivu ya Mgongo: Mambo ya Kupima Kabla ya Kununua

Mzazi anayeishi Magamba, jirani na mji wa Mpanda mkoani Katavi, akiwa na maumivu ya mgongo ya muda mrefu huwa na safari za aina mbili. Ya kwanza ni fupi: sokoni, kwenye ibada, msibani, na kliniki mjini Mpanda. Mara nyingi huifanya kwa bodaboda au bajaji. Ya pili ni ndefu, nayo huja daktari anapoandika rufaa. Kutoka Mpanda hadi Mbeya kwa njia ya Sumbawanga na Tunduma ni zaidi ya kilomita 500. Hospitali ya Bugando jijini Mwanza iko mbali zaidi. Na Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 1,000. Hapo ndipo watoto walioko mijini hukubaliana kuchanga fedha ili mzazi apate gari.

Nia hiyo ni ya kusifiwa. Tatizo ni kwamba gari hilo huchaguliwa kwa macho ya mtoto, wala si kwa mgongo wa mzazi. Mtoto mmoja hununua gari refu lenye heshima barabarani, na mama yake hulazimika kuinuliwa na watu wawili kila anapopanda. Mwingine hununua gari dogo linalotumia mafuta kidogo, na baba akishaingia hawezi tena kunyanyuka bila kuvutwa mikono. Kisha hakuna anayesema neno. Mzazi wa kwetu hapendi kumvunja moyo mwanawe aliyejinyima; atasema gari ni zuri, atashukuru, na taratibu ataanza kutafuta sababu za kutosafiri. Mhudumu wa afya anayeona mgonjwa wake anaanza kukosa kliniki baada ya familia kupata gari, afadhali amuulize akiwa peke yake.

Mgongo kwanza, gari baadaye

Maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo ni miongoni mwa sababu kubwa za ulemavu duniani. Inakadiriwa kuwa watu milioni 619 walikuwa nayo mwaka 2020. Kwa wengi wao hakuna ugonjwa mmoja wa hatari unaopatikana. Hata hivyo, kwa mtu mwenye umri mkubwa, kabla ya kulaumu uzee au kiti, ni lazima yatafutwe magonjwa yanayojificha nyuma ya maumivu hayo. Homa za jioni, kutoka jasho usiku, kupungua uzito na kibyongo kinachoanza kuchomoza mgongoni huashiria kifua kikuu cha uti wa mgongo. Homa zinazokwenda na kurudi kwa mfugaji au mtu anayekunywa maziwa yasiyochemshwa humfanya tabibu afikirie ugonjwa wa brusela, ambao nao huweza kushambulia pingili. Mzee wa kiume mwenye maumivu yasiyotulia hata akilala, hasa akiwa na shida ya mkojo, apimwe tezi dume. Mama mzee aliyepata maumivu makali ya ghafla baada ya gari kutumbukia shimoni huenda pingili yake imebonyea kwa sababu mifupa imedhoofika. Haikuhitaji ajali kubwa.

Dalili moja haisubiri kabisa. Mgonjwa anayepata ganzi sehemu za siri na makalioni, anayeshindwa kukojoa au kuzuia haja, au ambaye miguu yake inalegea, afikishwe hospitalini siku hiyo hiyo. Huyo hachaguliwi gari. Hutafutwa chombo cha kwanza kinachoweza kumbeba, ikiwezekana akiwa amelala.

Baada ya uchunguzi, familia itakuwa imepata jibu la swali ambalo wauzaji wa magari hawaulizi: je, mgongo huu huumia zaidi ukikaa au ukisimama? Mwenye diski iliyotokeza na kugandamiza mshipa wa fahamu kwa kawaida huteseka akikaa, hasa akiwa ameinamia mbele, na hupata nafuu akisimama au akilala. Mzee ambaye mfereji wa uti wa mgongo umekuwa mwembamba ni kinyume chake: miguu humchoma na kufa ganzi akitembea mita chache, lakini akikaa na kuinama kidogo hupona kana kwamba hakuwa na kitu. Wa kwanza atalitathmini gari kwa kiti chake na kwa urefu wa safari. Wa pili anaweza kukaa saa tatu bila kulalamika, ila mtihani wake ni mlango na hatua za kutembea kutoka maegesho hadi chumba cha daktari. Wazazi wawili wa nyumba moja wanaweza kuhitaji magari mawili tofauti, na hilo lijulikane mapema kabla fedha hazijatumwa.

Mlango ndio mtihani mkubwa

Watu wengi hujaribu gari kwa kukaa ndani yake. Kwa mgongo mbovu, madhara mengi hutokea wakati wa kuingia na kutoka, mwili unapoinama na kujizungusha kwa wakati mmoja huku mguu mmoja ukiwa hewani. Kipimo rahisi ni kamba au kanga. Mzazi asimame wima amevaa viatu vyake vya kawaida, na urefu upimwe kutoka ardhini hadi juu kidogo ya goti, kisha hadi katikati ya paja. Juu ya kiti cha gari, mtu akiwa hajakaa, pawe kati ya alama hizo mbili. Kiti kikiwa chini ya goti, mzazi ataanguka ndani na kutoka kwa taabu. Kikizidi katikati ya paja, itabidi apande.

Kwa kipimo hiki magari mengi yanayosifiwa hushindwa. Vitz na Passo hukaa chini mno kwa wazee wengi warefu. Land Cruiser ile inayoitwa mkonga, pamoja na Hilux, ni ngazi kwa mama aliyevaa gauni na kanga, ambaye hawezi kutanua miguu ili apande. Magari ya kimo cha kati kama Rav4 huangukia mahali pazuri kwa watu wengi. Noah ina mlango mpana wa kuteleza, lakini kiti kipimwe, maana sakafu yake iko juu kwa baadhi ya wazee.

Raum istahili kutajwa peke yake. Toleo lake la pili, lililotoka mwaka 2003, halina nguzo iliyosimama kati ya mlango wa mbele na wa nyuma upande wa kushoto. Milango yote miwili ikifunguliwa hubaki nafasi kubwa ambayo mtu huingia bila kujikunja. Porte, nayo ya Toyota, ina mlango mmoja mkubwa wa kuteleza upande huo huo. Magari haya yalibuniwa yakiwafikiria wazee wa Japani, na nchini kwetu huuzwa kama magari ya kawaida yaliyotumika bila yeyote kueleza thamani hiyo. Kasoro yake ni kwamba yako chini, na njia yenye makorongo wakati wa masika huyakwamisha. Kama nyumba iko karibu na barabara nzuri, yafikiriwe kwa uzito. Kama iko ndani, gari la kimo cha kati ni salama zaidi.

Kwa kuwa usukani wetu uko kulia, abiria wa mbele huteremkia kushoto, yaani upande wa mtaro. Gari likisimama ukingoni mwa barabara iliyoinama, ardhi chini ya mlango huwa mbali zaidi kuliko ilivyopimwa kwenye uwanja wa muuzaji. Dereva aingize gari uani, pa tambarare, au aweke kibao imara cha kukanyagia.

Namna ya kuingia nayo hufundishwa. Mzazi ageuze mgongo kwenye kiti, arudi nyuma mpaka miguu iguse ukingo, akae kwanza, kisha azungushe magoti yote mawili pamoja. Mfuko laini wa nailoni ukitandikwa kwenye kiti cha kitambaa humsaidia kuzunguka bila kukokota kiuno. Uondolewe kabla gari halijaondoka, kwani humfanya ateleze chini ya mkanda wa usalama gari likifunga breki. Anayeagiza gari moja kwa moja kutoka Japani anaweza pia kutafuta yale ya Toyota yanayoitwa Welcab, ambayo baadhi yake yana kiti kinachogeuka kuelekea mlangoni.

Kiti

Katika miaka ya 1960 mtafiti wa Uswidi, Alf Nachemson, alipima shinikizo ndani ya diski za mgongo za watu walio hai na kuona kuwa kukaa bila kuegemea hulizidisha kuliko kusimama. Vipimo vya Hans-Joachim Wilke na wenzake, Ujerumani, vilivyochapishwa mwaka 1999, havikuona ongezeko hilo, ila navyo vilionesha shinikizo hushuka sana mtu anapoegemea nyuma. Kwa gari, maana yake ni kwamba egemeo lazima lilale kidogo, nyuzi 100 hadi 110 kutoka kwenye kalio la kiti, na lisiwe limelegea kwa uchakavu. Nyonga zisishuke chini ya magoti. Kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti paingie vidole viwili au vitatu. Taulo iliyokunjwa na kuwekwa usawa wa kiuno hufanya kazi sawa na mito inayouzwa ghali. Mkanda wa kiuno ambao wengi huufunga safarini ni jambo jingine: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 haupendekezi mikanda hiyo kwa maumivu sugu ya mgongo, bali unatilia mkazo elimu na mazoezi.

Mtikisiko

Mwili wa mtu aliyekaa hutikisika zaidi kwa mitikisiko ya wima ya kati ya 4 na 6 kwa sekunde. Barabara ya changarawe iliyofanya mawimbi na gari lenye springi ngumu huweza kuzalisha hiyo hiyo. Hilux na mkonga zina nyuma springi za vyuma bapa, kama za lori, zilizokusudiwa mzigo. Zikienda tupu hurusha abiria. Ni ajabu kidogo kwamba mkonga ndilo gari la wagonjwa la vituo vyetu vingi, ingawa kwa ubovu wa njia hakuna linalolishinda kwa kufika.

Magari yetu mengi huja yakiwa yametumika, hivyo fundi akague shokapu na vipira vyake kabla ya bei kukubaliwa. Matairi yenye ukuta mrefu wa mpira hupokea mashimo vizuri kuliko yale membamba ya rimu kubwa zinazopendwa na vijana. Upepo ujazwe kwa kiwango kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Mgonjwa akae mbele, au safu ya kati kwenye Noah. Safu ya mwisho iko juu ya ekseli na hupokea kila pigo. Na dereva apunguze mwendo, kwani hakuna shokapu inayofidia haraka yake.

Kwa safari ya rufaa, gari lisimame kila baada ya dakika 45 hadi saa moja ili mzazi atembee dakika tano. Familia ikumbuke pia reli ya tawi ya Kaliua hadi Mpanda, yenye kilomita 210: mtu anayeumia akikaa anaweza kusimama na kutembea ndani ya treni, jambo ambalo hakuna gari dogo linaloliruhusu.

Mzazi ajaribu mwenyewe

Gari lisinunuliwe kabla mzazi hajalipanda. Kama lipo mbali, familia imtafutie la aina hiyo hiyo kwa jirani au la kukodi Mpanda. Aingie na kutoka mara tatu, apelekwe nusu saa kwenye lami na nusu saa kwenye vumbi, kisha aulizwe asubuhi ya kesho yake, maana mgongo hutoa jibu baada ya kulala. Asiulizwe kama gari ni zuri. Aulizwe alilala saa ngapi, aligeuka kitandani kwa shida au la, na kama angekubali kulipanda tena leo. Mhudumu wa afya anayeandika rufaa aongeze mstari mmoja: mgonjwa hupata nafuu akikaa, akisimama au akilala. Mstari huo utamsaidia dereva kama utakavyomsaidia daktari atakayempokea.