Kitanda Pekee Hakiokoi Maisha: Somo la Korona kwa Wakazi wa Mwingi

Machi 26, 2021, Rais Uhuru Kenyatta alifunga kaunti za Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru kutokana na wimbi la tatu la Korona. Barabara ya Mwingi kwenda Nairobi iliguswa moja kwa moja, kwa kuwa hupitia Matuu iliyo Machakos na Thika iliyo Kiambu. Marufuku hayo yaliondolewa Mei 1. Swali lililosumbua familia nyingi wakati huo bado ni muhimu: mgonjwa akizidiwa, atapata nafasi ICU?

Kitanda cha ICU ni nini?

Si godoro na vyuma tu. Ni oksijeni isiyokatika, umeme wa uhakika, mashine ya kusaidia kupumua, vifaa vya kupima moyo na hewa mwilini, na wahudumu waliofunzwa. Mgonjwa aliye kwenye mashine huhitaji muuguzi anayehudumia mtu mmoja au wawili pekee, usiku na mchana. Kimoja kikikosekana, kitanda hicho kinabaki fanicha.

Nchi zilianzia wapi?

Korona ilipoanza, Ujerumani ilikuwa na takriban vitanda 34 vya ICU kwa kila watu 100,000. Italia ilikuwa na karibu 9. Hospitali za Lombardy, kaskazini mwa Italia, zilifurika Machi 2020, na Ujerumani ikapokea baadhi ya wagonjwa kutoka Italia na Ufaransa.

Kenya ilikadiriwa kuwa na vitanda 537 na mashine 256 za kupumulia, yaani takriban kitanda kimoja kwa watu 100,000. Vingegawanywa sawasawa, Kitui, yenye wakazi 1,136,187 kwa sensa ya 2019, ingepata takriban 13. Lakini havikugawanyika hivyo: ni kaunti 22 tu kati ya 47 zilizokuwa na ICU. Uganda ilikuwa na vitanda 55 pekee kabla ya janga. Wimbi la pili lilipoivamia Juni 2021, serikali ilizuia safari kwa siku 42, na uwanja wa Namboole ukatumika kulaza wagonjwa.

Ni nini kilicholeta tofauti?

Kwanza, taarifa. Kuanzia Aprili 2020, hospitali za Ujerumani zilitakiwa kuripoti kila siku vitanda vya ICU vilivyo wazi, hivyo mgonjwa alipelekwa panapojulikana kuwa na nafasi.

Pili, huduma yenyewe. Utafiti uliofanywa mwaka 2020 katika hospitali 64 za nchi 10 za Afrika, Kenya ikiwemo, ulionyesha kuwa karibu nusu ya wagonjwa walioombewa nafasi katika vyumba vya wagonjwa mahututi hawakulazwa humo. Kati ya waliolazwa, asilimia 48 walifariki ndani ya siku 30, ilhali wastani wa dunia ulikuwa karibu asilimia 32. Hata kumlaza mgonjwa kifudifudi ili apumue vizuri, jambo lisilohitaji mashine ya gharama, kulifanyiwa wachache.

Tatu, oksijeni ya mapema. Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba katika kila wagonjwa 100 wa Korona, takriban 15 huugua sana na kuhitaji oksijeni, na 5 huwa mahututi. Kwa hiyo, oksijeni katika hospitali iliyo karibu huwahudumia wengi kuliko ICU iliyo mbali, na anayeipata kwa wakati huenda asifike hatua ya kuhitaji mashine.

Mkazi afanye nini?

Wahenga walisema kawia ufike, lakini kwa mgonjwa anayekosa pumzi, kukawia ni hatari. Dalili hizi hazingoji asubuhi, wala siku ya soko gari litakapopatikana:

- kuhema akiwa ameketi au kushindwa kumaliza sentensi;
- midomo au kucha kugeuka rangi ya samawati;
- maumivu ya kifua yasiyoisha;
- kuchanganyikiwa au kushindwa kuamka.

Dalili hizi si za Korona pekee; nimonia nayo hukata pumzi vivyo hivyo. Kila familia ikubaliane mapema ni gari la nani litakaloitwa usiku, nani atakayeandamana na mgonjwa, na kituo kipi cha karibu chenye oksijeni. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji aulizwe leo, kabla ya dharura.

Vitanda huongezwa kwa bajeti na miaka. Saa za mwanzo za ugonjwa ziko mikononi mwa walio nyumbani.