Kuchagua na Kutunza Ghala la Programu
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Ndivyo ilivyo kwa programu. Katika Chama chetu cha Kompyuta kazi nyingi hukaa katika flashi za wanafunzi, na mwisho wa mwaka flashi huondoka na wenyewe. Kwa kuwa sisi wa Kidato cha Nne tunakaribia kuaga, napenda kuwaeleza wadogo zetu jinsi ya kuchagua ghala la programu na kulitunza.

Kwanza, Git ni nini? Ni chombo kilichotungwa na Linus Torvalds mwaka 2005, baada ya watengenezaji wa Linux kunyimwa ruhusa ya kutumia bure chombo cha kampuni, BitKeeper. Git huandika kila badiliko: nani kalifanya, lini, na ameeleza nini. Kila mwenye nakala huwa na historia nzima. Lakini Git peke yake haina orodha ya watu na ruhusa zao, wala mahali pa kuandikia kasoro na kujadiliana. Hiyo ndiyo kazi ya ghala.

Je, tutumie ghala la wengine? GitHub, iliyofunguliwa mwaka 2008 na kununuliwa na Microsoft mwaka 2018, ni nzuri, lakini intaneti ikikatika haifikiki. Tena, mpangaji hana amri juu ya nyumba: Google Code ilipofungwa mwaka 2016, wenye miradi iliwabidi wahame. Ghala letu wenyewe hufanya kazi ndani ya mtandao wa shule hata bila intaneti.

Basi tuchague lipi? GitLab ina mambo mengi, lakini hudai gigabaiti kadhaa za kumbukumbu, mzigo mzito kwa kompyuta kuukuu. Gitea, iliyoanza mwaka 2016, ni faili moja la kuendeshea, na kwa kundi dogo gigabaiti 1 hutosha. Forgejo ilichipuka kutoka Gitea mwaka 2022, baada ya baadhi ya wachangiaji kutoridhika kuona kampuni ikishika hatamu. Kwa shule kama yetu, mojawapo ya hizi mbili yafaa.

Kuchagua ni kazi ya siku moja. Kutunza ni kazi ya kila siku. Yashikeni haya:

1. Wekeni nakala ya akiba kila wiki, nayo ikae jengo jingine. Kisha ijaribuni kwa kuirudisha katika kompyuta nyingine. Tarehe 31 Januari 2017, fundi wa GitLab alifuta data katika seva isiyokusudiwa. Njia zao za akiba hazikufaa walipozihitaji. Waliokolewa na nakala ya saa sita nyuma. Programu zenyewe zilisalimika, lakini maoni na majina ya watumiaji yaliyoandikwa katika saa hizo yalipotea. Kwa hiyo msinakili programu tu, bali na hifadhidata pia.

2. Toleo jipya likitoka, someni maelezo yake, chukueni nakala ya akiba, ndipo mbadilishe. Toleo la zamani huacha matundu ya wezi.

3. Kila mtu awe na jina na neno lake la siri. Fungeni mlango wa wageni kujiandikisha wenyewe.

4. Angalieni nafasi ya diski, na izimeni seva kwa utaratibu kabla umeme wa betri haujaisha.

5. Wasimamizi wawe wawili, mmoja wa Kidato cha Tatu na mmoja wa Kidato cha Pili, ili anayeondoka amwachie anayejua. Neno la siri la msimamizi lihifadhiwe pia na mwalimu mlezi, katika bahasha iliyofungwa.

Jambo hili la tano ndilo kubwa. Seva ikiharibika hununuliwa nyingine, lakini ghala lisilo na mrithi hufa hata kama taa zake zinawaka. Ndugu zangu wa Kidato cha Tatu, nani yuko tayari kupokea funguo?