Mkitumwa Kusikiliza Ndoa ya Wengine



Katika jumuiya ndogo ndogo za hapa Mwiki, upande wa Ruiru, si ajabu mwenyekiti awaite kando baada ya sala na kuwaambia: "Nendeni mkawaone wale wenzetu, nyumba yao haina amani." Hamkusomea ushauri. Mmechaguliwa kwa sababu mmedumu katika ndoa, na hapo ndipo penye hatari, kwani aliyedumu hupenda kufundisha.

Kumbukeni rafiki za Ayubu. Walikaa naye chini siku 7, mchana na usiku, bila kusema neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa. Mambo yaliharibika walipoanza kumweleza kwa nini yamempata.

Tuseme mke anawaambia: "Mzee akirudi kazini hasemi nami." Jibu jepesi ni hili: "Hata wangu alikuwa hivyo, vumilia tu, mama." Kwa maneno hayo mmeyahamisha mazungumzo kutoka kwake na kuyaleta kwenu. Afadhali mumrudishie alichosema: "Ni kama unajiona mpweke ndani ya nyumba yako mwenyewe, au nimekosea?" Kisha nyamazeni. Akisema mmekosea, ni vizuri, maana sasa ataeleza lililopo. Pengine kimya cha mume ni cha deni alilolificha. Pengine ni uchovu wa mtu aliyetoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi matatu ya mjini, akarudi saa tatu usiku. Hamtajua msipouliza. Na msimhukumu asiyekuwepo. Mkisema "Mwanamume gani huyo!", neno hilo litamfikia kabla hamjafika kwenu.

Kuna suala la siri. Wengi wetu tunaishi katika ploti, nyumba mbili ukuta mmoja. Jirani akikohoa unasikia. Basi tembeeni nao kidogo, au ombeni chumba parokiani. Wala msiipeleke habari hiyo kwenye jumuiya eti iombewe. Kuna ndoa zilizoombewa hadharani mpaka wenyewe wakaacha kuja kusali.

Likitajwa jambo la kipigo, kusikiliza pekee hakutoshi. Msimwambie mtu abebe msalaba, wala msiwakalishe meza moja kuwapatanisha. Kanuni 1153 ya Sheria za Kanisa inampa anayehatarishwa na mwenzake sababu halali ya kutengana naye. Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu na dhuluma za nyumbani inamruhusu kuomba mahakama itoe amri ya kumlinda. Namba 1195 hupigwa bila malipo. Mwambieni paroko pia, mhusika akikubali.

Kabla hamjakwenda, jipimeni nyumbani. Katika wosia wake wa kitume wa mwaka 2016, Amoris Laetitia, Papa Fransisko aliwaasa wanandoa wahakikishe wamesikia yote aliyo nayo mwenzao kabla ya kutoa maoni. Basi zimeni televisheni. Mmoja aseme kwa dakika 5 jambo dogo linalomkera, karo au wageni wa Jumapili. Mwingine asijitetee, arudie alichosikia mpaka mwenzake aseme, "Ndiyo, ndivyo." Kisha mbadilishane. Wengi hukatiza kabla ya dakika ya pili. Mkishindwa, rudieni kesho, na kwa wale wenzenu mwende wiki ijayo.