Masika Yakikatika, Funga Begi Uende Pugu

Mtu wa Mbagala au Mwananyamala akisikia neno hifadhi, mawazo yake hukimbilia Mikumi na Serengeti: magari ya kitalii, tembo, na fedha ambazo mwezi huu hana. Kumbe kiasi cha kilomita 25 tu kutoka Posta, kwenye vilima vya Pugu wilayani Kisarawe, ipo Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu-Kazimzumbwi, iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Kufika huko ni nauli ya daladala. Unaondoka nyumbani Jumamosi alfajiri, unatembea kutwa na begi mgongoni, unalala kwenye hema, na Jumapili jioni umesharudi Tandika au Kijitonyama. Naamini kila mkazi wa Dar es Salaam mwenye afya ya kutembea anastahili kulala katika msitu huo walau usiku mmoja. Yafuatayo ni ya kuyajua kabla hujafunga mzigo.

Kwanza majira. Machi hadi Mei ni masika, na wakati huo msitu haumfai mgeni. Vilima vya Pugu vina kaolini, udongo mweupe ambao uliwahi kuchimbwa hapo, nao ukilowa mteremko mdogo tu unakuangusha chali na mzigo wako. Subiri mvua zikatike. Wiki ninazozipendekeza ni kuanzia mwanzo wa Juni hadi katikati ya Julai. Kipupwe kimeingia, upepo wa kusini unapuliza, majani bado mabichi, vijito havijakauka na jua halichomi kama la Februari. Usiku joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 20. Kwa mtu aliyezoea kulala na feni hiyo ni baridi ya kweli, kwa hiyo sweta na shuka zito si anasa. Kumbuka pia kwamba miezi hiyo jua huzama kama saa 12 na robo jioni, na chini ya miti giza hutangulia. Hema liwe limesimama kufikia saa 11.

Usiende ukitarajia simba. Msitu huu ni kipande cha mkanda wa misitu ya pwani ya Afrika Mashariki, ambao umebaki vipande vipande kuanzia kusini mwa Somalia hadi Msumbiji. Humo mna mikongo na mivule, na misandarusi ambayo utomvu wake ulisafirishwa kwa wingi kupitia Zanzibar katika karne ya 19 kwenda kutengenezewa vanishi. Mchana utaona kima na ndege wengi, na ukitulia unaweza kumwona sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, akipekuapekua majani makavu. Sababu kubwa ya kulala huko, hata hivyo, ni komba. Pugu-Kazimzumbwi ni mojawapo ya misitu michache sana duniani anamoishi komba wa Rondo, aliyepewa jina la uwanda wa Rondo mkoani Lindi. Uzito wake ni kama gramu 60, na yumo katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Huamka giza likiingia na kuitana usiku. Anayekuja kwa matembezi ya mchana peke yake hataisikia sauti yake.

Huu ni msitu wa serikali, haufikiwi kiholela. Wasiliana na ofisi ya TFS Kisarawe siku kadhaa kabla, waeleze mko wangapi, mnataka kulala siku ngapi, na muulize viingilio vya wakati huo pamoja na eneo linaloruhusiwa kupigia kambi. Malipo ya serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, kwenye simu au benki, na stakabadhi unabaki nayo. Mtu akikuomba fedha mkononi njiani, usimpe. Chukueni muongozaji hata kama mmoja wenu anadai anaijua njia. Ndani ya msitu kuna vijia vingi vilivyokanyagwa na wakata miti, na vijia hivyo havikupeleki kunakotakiwa.

Kutoka Temeke au Kinondoni, lengo ni kufika Gongo la Mboto kwanza, kisha upande gari la Kisarawe. Utapita Pugu, alikofundisha Mwalimu Nyerere hadi alipojiuzulu mwaka 1955 ili aitumikie TANU. Kama hujawahi kutembea na mzigo, fanya zoezi karibu na kwako kwanza. Wakazi wa Temeke wana msitu wa Vikindu, ng'ambo ya Kongowe kwenye Barabara ya Kilwa, nao uko chini ya TFS. Wa Kinondoni wanaweza kwenda Pori la Akiba la Pande, linalosimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA. Tembea saa tatu huko na begi lililojaa. Mabega na visigino vyako vitakuambia ukweli mapema, wakati bado upo jirani na nyumbani.

Mzigo ndio unaowarudisha watu wengi njiani, na hesabu yake ni rahisi. Begi lisizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili. Mwenye kilo 60 abebe kilo 12. Katika hizo, maji huchukua kilo tano, kwa sababu lita tano ndicho kiwango cha chini ninachokishauri kwa mtu mmoja kwa mchana, usiku na asubuhi yake. Zimebaki kilo saba za hema, la kulalia, chakula na nguo. Kwa hiyo gawaneni: mmoja abebe hema, mwingine sufuria, mwingine sanduku la dawa. Acheni mchele na maharage, vinakula maji na muda. Chapati, mihogo ya kuchemsha, mayai, karanga na tende vinatosha, na kama mna jiko dogo la kambi, uji wa asubuhi. Kama hamna, kuleni vya baridi. Vijito si vya kunywa hivihivi, maji yake yachemsheni au myatie vidonge vya kutibu maji. Msifungashe vitu kwa mifuko ya plastiki ya kubebea, ambayo ni marufuku nchini tangu 1 Juni 2019. Nguo zikunjwe ndani ya turubai jepesi, nalo litawafaa tena mvua ya ghafla ikipita.

Vaa suruali ndefu na viatu vinavyofunika kifundo, soksi juu ya suruali, kwa ajili ya kupe. Halafu kuna upupu. Baada ya masika maganda yake huanza kukomaa, na malaika wake wakikugusa utajikuna hadi ulie. Ukipatwa, usikune wala usisugue. Bandika selotepu juu ya ngozi na kuivuta ili iwatoe, ndipo uoshe kwa maji na sabuni. Siafu nao hutembea kwa makundi kwenye ardhi yenye unyevu, kwa hiyo zunguka eneo la hema na tochi kabla ya kulala na usiache makombo. Usitie mkono shimoni wala chini ya gogo. Mtu akiumwa na nyoka, msichanje, msifyonze, wala msimfunge kamba ya kubana damu. Mlazeni, mfungieni kijiti kiungo kilichoumwa kisitikisike, na apelekwe haraka hospitali ya wilaya Kisarawe. Namba ya dharura ya polisi ni 112. Kabla ya kuingia msituni, muulizeni muongozaji ni wapi simu hushika mtandao.

Kwenye machimbo ya zamani ya kaolini kuna mapango wanamoishi popo kwa maelfu. Jioni hutoka wote pamoja, na ni jambo la kupendeza kulitazama, lakini litazameni mkiwa nje. Dari la pango linaweza kuporomoka, na vumbi la kinyesi cha popo huweza kuleta maradhi ya mapafu. Tena tusisahau Kagera: nchi yetu imepata mlipuko wa Marburg mwaka 2023 na tena 2025, na virusi hivyo hubebwa na aina ya popo walao matunda wanaokaa mapangoni. Hakuna picha inayostahili hatari hiyo.

Suala la moto nalisema kwa uchungu. Msitu huu umeliwa kwa miaka mingi na mkaa, na mkaa huo unaishia majikoni kwetu, Temeke, Kinondoni na Ilala. Mgeni asiongeze jeraha. Msiwashe moto wa kuni isipokuwa mahali alipoonyesha mhifadhi, na hata hapo hakikisheni majivu yamepoa kabisa, mkono ukiyagusa usihisi joto. Takataka zote zirudi mjini ndani ya begi, maganda ya mayai yakiwemo. Haja kubwa ichimbiwe shimo la kina cha shubiri moja, mbali na kijito kwa hatua 80 au zaidi. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima hivi, kisha unapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani kabla ya kumwaga baharini karibu na daraja la Salender. Tunachokiacha Pugu kina njia ya kutufikia nyumbani. Na mkikuta tanuru la mkaa au miti iliyokatwa, msigombane na mtu. Kumbukeni mahali, mkamwambie mhifadhi mkitoka.

Mkirudi, kila mmoja ajikague kupe kwenye kwapa, kinena na nyuma ya masikio kabla ya kuoga. Mbu wa malaria huuma usiku na wa homa ya dengi huuma mchana, kwa hiyo hata waliolala ndani ya hema lililofungwa vizuri wanaweza kuwa wameumwa. Homa ikipanda ndani ya mwezi mmoja, nenda ukapime, usinunue dawa mseto kwa kukisia. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019. Mpaka majibu yatoke, tumia parasetamoli kwa kipimo chake, wala si aspirini au diklofenaki, kwani hizo huongeza hatari ya kutokwa damu ikiwa ni dengi. Mwambie daktari kwamba ulilala msituni Pugu, na utaje tarehe.