Mumiani Usimchore

Mdogo wangu wa Tanga, barua yako nimeipata. Riwaya ya kutisha kuhusu mumiani, yule mnyonya damu, miaka ya 1930, na unaichapa mwenyewe kwa hela ya mchezo. Hongera! Mchoraji kakutajia bei umeshtuka, na binamu yako anasema picha zimejaa mtandaoni bure, au akili mnemba ikuchoree.

Binamu mwambie ahsante, aishie hapo. Picha ya mtandaoni mara nyingi ina mwenyewe, na siku kitabu kikianza kuuzika ndipo mwenyewe atakapojitokeza. Hiyo mashine nayo haimjui bibi yako wala barabara aliyopita akienda kisimani.

Tuje kwenye bei. Michoro ishirini ya nini, mdogo wangu? Jalada la rangi, na ndani mitano tu, myeusi na myeupe. Wino mmoja gharama yake ni nafuu, na hofu haidai rangi. Harry Clarke wa Ireland alizichorea hadithi za Edgar Allan Poe mwaka 1919 kwa weusi na weupe mtupu, na mpaka leo ukizitazama peke yako unageuka nyuma. Michoro ya rangi iliongezwa baadaye, katika toleo la 1923.

Sasa nisikilize vizuri hapa: mumiani mwenyewe usimchore. Ukishampa meno na macho mekundu, msomaji anacheka. Wazee wetu hawakuogopa zimwi, waliogopa vitu vya mjini walivyoviona kila siku. Enzi za ukoloni, Nairobi na Kampala watu waliamini kwamba wazimamoto wanakamata watu na kuwatoa damu. Luise White, mwanahistoria wa Marekani, alizikusanya simulizi hizo katika kitabu alichokitoa mwaka 2000, na zimejaa magari, ndoo, mashimo na watu waliovaa sare. Basi mwambie mchoraji achore gari la zimamoto limesimama usiku, mlango wazi, na hakuna nyumba inayoungua. Mimi hapo silali.

Lakini gari liwe la wakati huo. Usimwachie mchoraji abuni. Nenda Nyaraka za Taifa pale Dar es Salaam uombe kuona picha za zamani. Angalia taa za chemli, baiskeli, kofia, jinsi kanga ilivyofungwa. Ndoo moja tu ya plastiki kwenye mchoro wa 1935 na kitabu chako kimeharibika. Kuna mzee mmoja kila mtaa atakayeiona kabla ya wote. Ila picha hizo ni za kujifunzia. Usichukue sura ya askari halisi ukamgeuza mnyonya damu, ana wajukuu yule.

Na wewe na mchoraji muandikiane. Najua ni kijana wa mtaani kwenu na mnaheshimiana, muandikiane hivyo hivyo: michoro mingapi, rasimu ya penseli lini, atarekebisha mara ngapi bila kuongeza bei, nusu ya malipo kabla ya kuanza. Nakala halisi inabaki kwa nani? Ukichapa mara ya pili, analipwa tena? Ukitaka kuiweka kwenye fulana? Jina lake liwe ukurasa wa ndani karibu na lako, si mstari mdogo mwishoni kabisa.

Akikukabidhi faili ziwe angalau nukta 300 kwa inchi, na jalada lizidi milimita 3 pande zitakazokatwa. Kisha mwombe mpiga chapa sampuli ya ukurasa mmoja kwenye karatasi ile ile ya kitabu. Karatasi nyepesi na wino mzito haviivani: giza lako litatokea upande wa pili, juu ya maneno. Hapo mchoraji atabadili weusi uwe mistari myembamba, na ni heri abadili sasa kuliko baada ya nakala mia tano.

Zamu yako ya mchezo ikifika, mlipe yeye kwanza. Mpiga chapa atasubiri.