Dawa ya Shamba Isikae Kwenye Chupa ya Soda

Leo mbegu na masoko tuyaweke pembeni kidogo.

Juzi nilipita bustani moja ya mchicha huko Chamazi. Chini ya mwembe, karibu na sufuria ya chakula, nikakuta chupa ya soda yenye kitu cheupe. Mtoto wa miaka kama mitatu alikuwa anahangaika na kizibo. Hayakuwa maziwa. Ilikuwa profenofosi iliyobaki baada ya kupiga dawa asubuhi. Dawa zenye herufi EC kwenye lebo zikichanganywa na maji huwa nyeupe hivyohivyo.

Najua inavyoanza. Lita moja ni ghali, mnachanga watatu, kila mtu anaondoka na kipimo chake kwenye chupa ya maji. Acheni. Nunua ya mililita 100 iliyofungwa kiwandani, hata kama kwa hesabu inakuumiza kidogo. Ifungie kwenye sanduku lenye kufuli. Changanya ya kutosha siku hiyo tu. Kopo likiisha, suuza mara tatu, yale maji mwaga kwenye bomba la kupulizia, kisha litoboe. Kopo zima Mbagala halikosi kazi ya kuchotea maji!

Mtoto akinywa, usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta, hata bibi akisisitiza. Akitapika, dawa inaweza kuingia kwenye mapafu. Vaa glavu, mvue nguo zilizolowa, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, mlaze ubavu, twende hospitali. Msisubiri dalili kama mate mengi, jasho, mboni za macho kuwa ndogo au kupumua kwa shida. Beba kopo lenye lebo. Kwa kundi la profenofosi madaktari wana atropini, ila lazima wajue mtoto kanywa nini.

Haya yapangwe kabla. Ukiwa Mabwepande, nani ana namba ya bajaji inayokuja hata usiku wa mvua? Zahanati gani ya karibu hailali? Njia ya kufika Mwananyamala, au Temeke kwa wa Mbagala, ipi haina foleni? Piga picha lebo zote, zitume kwenye simu ya kila anayebaki na watoto shambani.

Yule mama wa Chamazi nilimuuliza jina la dawa. Akasema anajua harufu yake tu, mnunuzi ni mumewe. Tukampigia mume. Simu ya kwanza haikupokelewa.