Buibui wa Nyumbani Mwetu

Jioni moja, hapa Kpandroma, mtoto aliinua ufagio apate kumpiga buibui karibu na mlango. Bibi yake akamwambia, "Ngoja kwanza, mjukuu wangu. Tazama amebeba nini."

Mtoto akainama. Nyuma ya mwili wa buibui kilining'inia kifuko cheupe, cha duara kama punje ya mtama. Ndani yake mlikuwa mayai.

Je, buibui ni sawa na nzi? Hesabuni miguu. Nzi ana sita, buibui ana minane. Mwili wa nzi una sehemu tatu: kichwa, kifua na tumbo. Wa buibui una mbili tu, kwa maana kichwa na kifua vimeungana. Hana mabawa. Buibui wengi wana macho manane, lakini msimsogelee sana ili kuyahesabu!

Tokeni asubuhi mapema, kabla jua halijakausha umande. Kati ya migomba mtaona utando wa duara unaong'aa. Mguseni uzi mmoja kwa kijiti. Nyuzi zitokazo katikati kwenda pembeni, kama vyuma vyembamba vya gurudumu la baiskeli, hazinati. Zile zinazozunguka ndizo zinatazo, nazo humnasa nzi.

Wengine hawategi utando. Ukutani yuko buibui mdogo mwenye macho mawili makubwa mbele. Huyu huvizia kama paka, kisha huruka. Kando ya Ziwa Victoria, katika Kenya na Uganda, wataalamu walimchunguza mmoja wa jamii hiyo. Mwaka 2005 waliandika kwamba hupenda zaidi kula mbu jike aliyeshiba damu. Ninyi mwajua mbu jike huleta ugonjwa gani.

Karibu buibui wote wana sumu ya kuulia wadudu. Wachache sana huweza kumdhuru mtu. Hata hivyo msiwashike kwa mkono, wala msitie kidole shimoni. Tumieni macho.

Yule mtoto aliweka ufagio chini. Siku kadhaa baadaye alimwona mama yule penye kuni. Kifuko hakipo tena; mgongoni wamejaa buibui wadogo wadogo, wamepandana. Alijaribu kuwahesabu, akashindwa.

Maulizo. Tafuta buibui mmoja nyumbani kwenu. Anakaa wapi? Ana utando, au huwinda bila utando? Mchore, usisahau mguu hata mmoja.